Siku moja kwenye mradi uliosimama: kuanzia pampu ya alfajiri hadi mkutano wa wakazi

Saa 12 asubuhi

Siku ya mkutano wa wakazi, kazi yetu ya kukagua mradi wa maghorofa uliokwama inaanzia shimoni, palipochimbwa msingi. Tunashusha utepe kwenye visima vya kupimia maji vilivyochimbwa kuzunguka msingi. Utepe ukigusa maji hutoa mlio, nasi tunaandika kina hadi sentimita. Kisha pampu: ngapi zinavuta, ya akiba inawaka au imekaa kama pambo, jenereta ina mafuta ya saa ngapi umeme ukikatika.

Wengi wakiona kreni zimenyamaza husema mradi umesimama. Kilichosimama ni malipo na mafundi. Maji yanaendelea kupanda, kutu inaendelea kula, udongo unaendelea kusukuma ukuta. Mkutano usiojua hili utaishia kubishana juu ya picha za maghorofa zilizobandikwa kwenye uzio wa mabati.

Hesabu ya maji inafaa ijulikane na kila mkazi. Kila mita 1 ya maji husukuma sakafu ya chini kwenda juu kwa karibu tani 1 kwa mita ya mraba. Sakafu ya zege yenye unene wa mita 1 ina uzito wa tani 2.4 hivi kwa mita hiyo hiyo. Maji ya ardhini yakifika mita 6 juu ya kitako cha sakafu, yanasukuma kwa tani 6. Zile tani 3.6 zinazopungua huwa zimepangiwa kubebwa na uzito wa ghorofa za juu, na ghorofa hizo hazijajengwa. Kama hakuna nguzo za ardhini au nanga (vyuma vilivyokazwa ndani ya ardhi) zilizoishikilia, sakafu huinuka na kupasuka. Kwa hiyo anayesema "zimeni pampu, zinakula fedha bure" anastahili kujibiwa kwa hesabu hii, na kwa heshima. Ipo njia ya kuzizima salama: mhandisi anaweza kuamua maji yaachwe yaingie ndani ya shimo ili misukumo ya nje na ndani ilingane. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mhasibu aliyechoka na bili.

Saa 2 asubuhi

Ukuta wa kuzuia udongo. Mpima anasoma alama zilizogundishwa ukutani, tunalinganisha na usomaji wa mwezi uliopita kwa milimita. Namba moja peke yake haina maana, mwenendo ndio unaosema.

Hapa pana tatizo linalosahaulika kuliko yote. Nanga za muda zinazouvuta ukuta huo nyuma husanifiwa kwa matumizi yasiyozidi miaka 2, kwa sababu mpango ulikuwa kwamba slabu (sakafu za zege) za chini ya ardhi zitakuwa zimeshaushika ukuta kufikia hapo. Mradi ukilala miaka mitano, nanga bado ziko kazini bila kinga ya kutosha dhidi ya kutu. Lazima zivutwe upya kwa jeki na kupimwa, na zilizolegea zibadilishwe.

Jirani wa mradi ana dalili zake za kuangalia: ufa barabarani unaokwenda sambamba na ukingo wa shimo, mlango ulioanza kukwama, bomba linalovuja mahali palepale kila likizibwa. Ukiona ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, piga picha rula ikiwa pembeni. Picha ya namna hiyo inabeba uzito mkutanoni kuliko kelele za watu kumi.

Saa 4 asubuhi

Nondo za nguzo zilizoachwa zikichomoza juu ya slabu. Kwa mbali zote ni nyekundu, na nyekundu peke yake si kesi. Tunasugua kwa brashi ya waya. Kutu nyepesi ikitoka kama vumbi na chuma kikabaki na mbavu zake kamili, nondo ni nzima. Ikibanduka kwa magamba na kuacha vishimo, tunapima unene kwa kalipa. Nondo ya milimita 16 iliyobaki 14.4 imepoteza asilimia 10 ya kipenyo, lakini eneo linalobeba mzigo limeshuka kwa asilimia 19. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo.

Ubaya huwa zaidi pale nondo inapoingia kwenye zege, kwa kuwa maji hutuama hapo. Tunachonga kidogo na kunyunyizia fenolifthalini, kemikali inayobadili rangi, kwenye zege lililovunjwa hivi punde. Likigeuka waridi, bado lina ualkali unaolinda chuma. Likibaki bila rangi, kaboni dioksidi ya hewani imeshapenya. Tuseme nondo imefunikwa na zege la milimita 30, na sehemu isiyo na rangi ina kina cha milimita 28: kinga inakaribia kwisha.

Nyundo ya Schmidt, kifaa kinachogonga uso wa zege kukadiria nguvu yake, tunaitumia, ila kwa tahadhari. Zege lililopenywa na kaboni huwa gumu zaidi usoni, hivyo nyundo hutoa namba ya kupendeza kuliko hali halisi. Ndiyo maana tunakata pia sampuli za mduara za kwenda kuvunjwa maabara.

Saa 6 mchana

Kreni. Tunahakikisha breki ya kuzungukia imeachiwa ili mkono ufuate upepo. Ukifungwa, upepo mkali unaweza kuiangusha kreni nzima.

Saa 8 mchana

Makaratasi. Mkadiriaji majenzi anatafuta vitu vinne: dhamana ya utendaji (fidia mkandarasi akishindwa kazi) inaisha lini, fedha za zuio (sehemu ya malipo ya mkandarasi iliyoshikiliwa) ziko mkononi mwa nani, kibali cha ujenzi kina uhai gani, na malipo ya walionunua nyumba kabla hazijajengwa yalikwenda akaunti ya amana, isiyoguswa kwa matumizi mengine, au yalichanganywa na matumizi ya kila siku. Dhamana ikipita tarehe bila kudaiwa, inabaki karatasi.

Tunasoma pia maneno ya ahadi. "Mwendelezaji atajitahidi", yaani mwenye mradi atajitahidi, haina meno. Linganisha na mradi wa Pacific Park, Brooklyn, New York, uliotangazwa mwaka 2003: makubaliano ya 2014 yaliweka tozo ya dola 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba ya bei nafuu ambayo isingekamilika kufikia Mei 2025. Tarehe ilifika, mamia ya nyumba hizo hazijajengwa. Hata hivyo, wakazi walikuwa na kiwango cha kudai na tarehe ya kuanzia, jambo ambalo vitongoji vingi vilivyokwama havina.

Saa 11 jioni

Mkutano. Ukumbini wameketi watu wa aina nne, na kosa la kawaida ni kuwaita wote "wananchi": waliohamishwa kupisha mradi, waliolipia nyumba, majirani wa shimo, na mafundi na wauzaji vifaa wanaodai. Aliyelipia anataka ujenzi uendelee. Jirani anataka shimo lijazwe. Ukipigisha kura ya "iendelee au ivunjwe", unawapiganisha wenye haki pande zote mbili.

Sisi huomba mwenyekiti aanze na swali moja: nani anagharimia pampu, ulinzi na vipimo kuanzia kesho, na hadi lini? Hapo ndipo wawakilishi wa mwendelezaji huanza kutazamana.

Hoja ya kusubiri mwekezaji mpya hutolewa kila mara. Inawezekana, ila isubiriwe kwa tarehe. Ujenzi wa Torre David, jengo refu la Caracas, Venezuela, ulisimama mwaka 1994 na familia zikahamia ndani kuanzia 2007, bila lifti. Ujenzi wa Chicago Spire, mnara uliopangwa Chicago, Marekani, ulisimama 2008 ukaacha shimo la duara lenye kina cha mita 23 hivi. Kila mwaka wa kusubiri huongeza gharama ya kuanza upya, maana mkandarasi mpya hatakubali kubeba zege la mwenzake bila kulipima lote.

Saa 3 usiku

Muhtasari unaandikwa palepale, kabla watu hawajatawanyika. "Suala litafuatiliwa" tunalikata. Badala yake: jambo, jina la anayehusika, tarehe, na nani atathibitisha. Wawakilishi wawili wa majirani wanasaini kwamba watakuwepo kila Jumatatu utepe unaposhushwa kisimani, na namba zitabandikwa langoni siku hiyo hiyo.

Mafuta ya jenereta yanatosha saa 30. Aliyekubali kuleta mengine ameandikwa mstari wa kwanza.