Nimepata Mlima

Saa nne usiku simu ikaita. "Kaka, samahani sana. Nimepata mlima. Njia ya Machame, siku saba."

Huyo ndiye alikuwa steringi wa filamu yangu ya kwanza, na tulikuwa tunaanza kushuti alfajiri. Kijana wa Moshi, umpe kubebea wageni mizigo Kilimanjaro kwa malipo au kuigiza kwa ahadi, unadhani atashika kipi? Nilimlaani kidogo, nikalala.

Ilikuwa Januari 2013. Kamera nilikuwa nimeikodi siku mbili kwa mpiga picha wa harusi, hela ya kuongeza sikuwa nayo. Basi mwandishi, mwongozaji na mdaiwa nikawa steringi pia: mwanaapolo, mchimba tanzanite, anayerudi kutoka Mererani mikono mitupu. Suruali ilikuwa ya yule mrefu wa Machame. Niliikunja mara mbili.

Tulishutia kwa shangazi, Old Moshi, juu ya Kiboriloni, naye ndiye mama. Nilitaka mlima uonekane nyuma yangu nikiingia uani, na mlima haumsubiri mtu. Saa tatu asubuhi mawingu yameshaufunika.

Kujiongoza mwenyewe ni taabu. Mdomo unasema maneno ya mwanaapolo, akili iko kwa dogo wa kamera, kama fokasi ameishika. Mara tano nilikata mwenyewe katikati ya sentensi. Shangazi nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima wa kulia na kulaani, mbwembwe za ujana. Mara ya sita akauacha. Aliangalia viatu vyangu, vumbi tupu, akauliza, "Umekula?" Akageuka, akaingia jikoni, nikasikia mfuniko wa sufuria.

Neno "kata" halikunijia. Kamera ile ilikuwa ya picha, inarekodi kama dakika 12 kisha inajizima. Ilipojizima mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, nakula ndizi.

Jioni tukaangalia kwenye laptopu. Theluji imekaa wazi, unaweza kuhesabu mikunjo yake. Uso wangu ukungu mtupu. Dogo akainamisha kichwa. Niliiweka hivyo hivyo, maana sauti ya mfuniko ilikuwa safi. Msambazaji mmoja wa Kariakoo alikuja kuniuliza mama gani huyo asiyelia.

Siku ya nane steringi akatokea, midomo imepasuka kwa baridi.

"Vipi kaka, tunaanza lini?"