Tawi Lililolala Kondele

Alhamisi usiku. Mvua ya leo ilitokea upande wa ziwa, ikatanguliwa na upepo wa kupeperusha mabati, na stima ikapotea kabla sijamaliza chai. Laptopu imezima. Naandika kwa simu.

Asubuhi nilikuwa Kibuye kwa mteja, mwenye duka la vipuri, tukijaribu mashine yake ya kuchapa risiti. Mwenzangu wa Nakuru akapiga simu. Yeye ndiye hukagua kazi yangu ya kuandika programu kabla haijatoka tawi langu, yaani nakala ya pembeni ninayofanyia mabadiliko, kuingia tawi kuu, nakala rasmi ya wote. Salamu zake ni fupi.

"Ndugu yangu, tawi la risiti liko wapi? Huku sioni kitu."

Nikamjibu kwa kiburi kidogo kwamba nilimaliza tangu Jumatano iliyopita.

"Ulimalizia wapi?"

Kutwa nzima nimeshinda na swali hilo, laptopu iko nyumbani. Wiki tatu nilikomiti, yaani niliweka rekodi ya mabadiliko yangu, kila jioni kama muuza duka anayejaza daftari, nikijua kazi imehifadhiwa. Ilihifadhiwa kweli, lakini ndani ya .git, folda ambamo Git, programu ya kutunza historia ya kazi, huweka rekodi zake, kwenye laptopu ile ile ambayo juzi nusura itumbukie mtaroni nikishuka boda. Linus Torvalds alipoiandika Git mwaka 2005 alitaka iwe hivyo: kila mtu akae na historia nzima kwake, afanye kazi bila kungoja seva. Raha hiyo ndiyo iliyonilaza.

Kinachoniuma zaidi, niliambiwa. Jumatano ile nilipiga git push, amri ya kupeleka kazi kwenye seva, likatokea neno "fatal", nikasema mtandao huu tena, nikafunga nikaenda kula samaki. Leo jioni, gizani, betri ikiwa asilimia 14, nimeusoma ujumbe ule polepole. Haukutaja mtandao hata kidogo. Ulisema tawi langu halijaunganishwa na tawi lolote kwenye seva, kisha ukaniandikia amri ya kutumia, ni kunakili tu. Kwa ufupi ni hii:

git push -u origin risiti-mpya

Origin ni jina la kuitia hazina ya kazi yetu iliyo kwenye seva. Ile -u inaweka kumbukumbu, kwamba kuanzia hapo tawi hili lina mwenzake kule, siku nyingine git push peke yake inatosha. Tangu toleo la 2.37 kuna mpangilio wa kuifanya Git iunganishe yenyewe. Sijauweka. Nilivyo mvivu wa kusoma, afadhali niendelee kukatazwa.

Nikawasha intaneti ya simu, nikaiegemeza dirishani. Hesabu ikapanda, ikasimama asilimia 61. Betri 11. Nje radi. Nikajikuta nimeshika pumzi, kwa mzigo ambao haufiki hata ukubwa wa picha moja ya WhatsApp, maana Git hutuma tu kile ambacho seva haina. Asilimia 100. Kisha mstari mdogo, "new branch".

Nilifungua faili la tawi lenyewe kabla laptopu haijazima. Ndani mna herufi na tarakimu 40, utambulisho wa komiti ya mwisho, basi. Wiki tatu zangu zimening'inia hapo.

Nikamtumia ujumbe Nakuru. Dakika kumi hivi, akajibu:

"Nimeliona. Sasa hii VAT ya asilimia 16, mbona unaitoza mara mbili?"