Fumbo la herufi na nambari: toleo la KITI na VITI liko tayari

Toleo la kwanza, lile la A ni 1, B ni 2 mpaka Z ni 26, nimeliweka kando. Hapo hakuna cha kufikiria, unajumlisha tu, KISUMU 94, NAKURU 86, kwisha. Mimi nataka fumbo lenye thamani za herufi zimefichwa, unapewa jumla za maneno pekee halafu unazifukua mwenyewe.

Na Kiswahili ni kitamu sana kwa hii kazi juu ya ngeli. MTO na MITO zinaachana kwa I moja tu, KITI ikiwa VITI ni K imetoka V ikaingia na zingine zote zimebaki vile zilikuwa. Yaani umoja na wingi tayari ni kidokezo.

Sheria ni hizi: herufi tisa, A I K M O T U V W, kila moja ina nambari yake kati ya 1 na 9, hakuna mbili zinazofanana. MTO 18, MITO 22, MTOTO 29, KITI 13, VITI 18, MTU 10, TAA 12. WATU ni ngapi?

Nilimpatia mpwa wangu hapa Kondele, yuko gredi ya saba na anapenda hesabu. MITO toa MTO, I ni 4. MTOTO toa MTO inabaki T na O, 11, kwa hivyo M ni 7. Kwa KITI ukitoa I mbili, K na T ni 5 pamoja, na juu 4 imeshachukuliwa lazima ziwe 2 na 3, lakini ipi ni ipi? Hapa ndio napenda zaidi. VITI inazidi KITI kwa 5, sasa K ikiwa 2 V inakuwa 7, na 7 ni ya M, haiwezekani. Basi K 3, T 2, V 8, O 9.

Nikangoja aende kwa MTU. Hakuenda, akaniambia, "Anko, hizi mbili za mwisho si za lazima." Akanionyesha: 1 mpaka 9 zote ni 45, herufi sita tulizopata ni 33, zimebaki A, U na W na zote tatu ziko ndani ya WATU, kwa hivyo hata usipojua nani ni nani jumla yao ni 12, ongeza T, 14. Nilifurahi mpaka nikasimama! MTU na TAA nimezifuta, fumbo limebaki na vidokezo vitano na ni zuri kuliko lile nililotengeneza mimi.

Kupa herufi nambari si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili, ile 786 watu huandika ni jumla ya herufi za Bismillahi yote kwa hesabu ya abjadi, ambapo alif ni 1, ba ni 2, na mwisho ni 1000.

Toleo linalofuata litakuwa na herufi kumi, jumla yote 55, na nataka JINO na MENO ziwemo, maana hapo zinabadilika herufi mbili kwa mpigo na K ya KITI haitasaidia mtu. Maneno mengine bado natafuta, mpwa wangu ameanza orodha yake.