Bunduki iliyomkaa binti yangu begani

Huu ni mwaka wangu wa 11 Minnesota, jimbo la Marekani, na kila Novemba nusu ya mtaa inahamia msituni kuwinda kulungu. Binti yangu alipofika miaka 12 akaomba naye aende. Huku aliyezaliwa baada ya 1979 kwa kawaida hauziwi leseni ya kuwinda bila cheti cha usalama wa silaha. Akasoma, akafaulu. Ikabaki bunduki.

Jirani alituazima yake, .30-06, ya risasi kubwa. Uwanjani binti akapiga tatu, zote chini ya shabaha. Nikamuuliza kama bega linauma. "Hapana Baba, niko sawa." Ya nne nikampakilia risasi ya bandia bila yeye kujua. Alipovuta kifyatuo ikalia "tik" tu, lakini mtutu uliinama na macho akayafumba. Bunduki haikulia, na bado mtoto alishtuka! Alikuwa anaogopa teke, yaani bunduki inavyorudi nyuma na kugonga bega, na ni mimi niliyemtia woga ule. Iliniuma sana.

Bunduki ya watu tukairudisha. Majira yote ya joto tukapiga .22, bunduki ya risasi ndogo, ambayo haina teke la kusema, hadi macho yakazoea kubaki wazi.

Kununua, nilianza na kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Cha mtu mzima kina kama inchi 13 na nusu kutoka kifyatuo hadi mwisho. Ndiyo maana alikuwa anarefusha shingo kuitafuta darubini ya kulengea. Dukani, bunduki ikiwa tupu na tumeikagua wote wawili, aliweka kitako ndani ya kiwiko alichokikunja, tukaangalia kama kidole kinafika kwenye kifyatuo bila kujivuta. Tukachukua ya inchi 12 na nusu, yenye vipande vya kuongeza akirefuka.

Risasi ni .243 Winchester, ya tangu 1955. Teke lake ni kama nusu ya lile la .30-06, na kichwa chake cha gramu 6.5 kinamtosha kulungu, ilmradi kimwingie nyuma ya bega. Muuzaji alitusukumia bunduki nyepesi zaidi, eti mtoto asichoke kubeba. Nilikataa. Bunduki ikiwa nyepesi, teke linazidi. Yetu ina kilo 3, na njiani tunapokezana.

Novemba tukakaa naye, vizibao vya rangi ya chungwa, baridi ya kukata masikio. Kulungu wa kwanza alisimama nyuma ya vichaka, binti akamwacha apite. Wa pili alitokea hatua kama 60. Nilikuwa namtazama binti, si kulungu. Macho hayakufumba.