Faiba ndani ya tangi la petroli

Kazi yangu ni kuunganisha faiba za intaneti kwenye maploti ya Donholm na Umoja, Nairobi. Mwenye kituo kimoja cha mafuta huku Eastlands aliponiuliza, "Fundi, hiyo waya yako ya taa haiwezi kunipimia tangi?" sikucheka. Tangi la petroli limejaa mvuke unaongoja cheche, na faiba hupitisha mwanga tu. Taa na kipokezi hubaki ofisini, umeme hauteremki tangini hata kidogo.

Nilimwonyesha mezani pake. Kipande cha kioo, ncha imechongwa kama paa la nyumba, kila upande digrii 45. Mgongoni faiba mbili: moja inapeleka mwanga mwekundu, nyingine inaurudisha. Kikiwa hewani, mwanga unagonga upande mmoja, unaruka wa pili, unarudi juu, kwa sababu kioo kikipakana na hewa huzuia mwanga wote unaokigonga kwa zaidi ya digrii 42 hivi. Kwenye maji mpaka huo hupanda hadi karibu digrii 62, kwa hiyo zile 45 hazitoshi tena na mwanga unamwagikia nje. Nilichovya kwenye glasi ya maji, taa ikafifia papo hapo. Mzee akaichovya mwenyewe mara kadhaa, akisahau chai yake.

Tatizo ni kwamba ncha moja inajibu swali moja tu: imezama au haijazama. Ukitaka ngazi kumi, weka ncha kumi. Dizeli nayo ni kaidi. Ukiitoa ncha, tone linang'ang'ania hapo na kifaa kinaendelea kuapa kwamba bado kiko ndani. Ipo njia ya kupima shinikizo chini ya tangi kwa kiwambo chembamba kilichofungwa kwenye faiba (mita moja ya maji hukandamiza kama kilopaskali 9.8, petroli pungufu kwa kuwa ni nyepesi), lakini mashine ya kusoma hiyo faiba bei yake si ya kituo chenye pampu mbili.

Tena dipstiki, kile kijiti cha kuchovya tangini kupima mafuta, ina ujanja ambao ncha yangu haina. Wahudumu huipaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, wakajua kama maji yametuama chini ya petroli. Kwa ncha yangu, maji na petroli vyote ni "imezama".

Mama mwenye ploti ninayoishi alisikia habari hizi, naye akataka kwenye tangi lake la maji la darini, maana siku za mgao hakuna anayejua yamebaki kiasi gani. Nilimwambia anunue boya. Maji hayalipuki, mama.

Kwa mzee tumekubaliana ncha mbili: moja juu, ya kupiga kengele lori likishusha mafuta kupita kiasi, nyingine chini, ya kumkumbusha kuagiza. Dipstiki inabaki. Sasa tunatafuta fundi wa Industrial Area atakayetoboa kifuniko cha tangi na kuziba tundu la faiba bila kuvujisha mvuke, na tangi liwe limetolewa mafuta na mvuke kwanza.