Karatasi Ambazo Hazikukusudiwa Kudumu

Anayetembelea jengo la Kumbukumbu za Taifa jijini Washington huonyeshwa Azimio la Uhuru la Marekani likiwa limeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na wengi huondoka wakiamini kwamba hiyo ndiyo hati iliyoutangazia ulimwengu kuzaliwa kwa taifa lile tarehe 4 Julai 1776. Sivyo ilivyokuwa. Hati ile ya ngozi ilianza kutiwa saini tarehe 2 Agosti, wakati ambapo habari ilikwisha kuenea katika makoloni ya Uingereza huko Amerika kwa njia ya karatasi ya kawaida, iliyochapwa upande mmoja tu ili iweze kubandikwa ukutani au kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Karatasi za namna hiyo hunivutia kuliko hati za ngozi. Maktaba nyingi za Marekani zimeweka picha zake mtandaoni bila malipo, na katika kuzisoma nimeona jambo ambalo hati za heshima hulificha: maneno ya uhuru na maneno ya utumwa yalichapwa katika karakana zilezile, na mara nyingi kwa herufi zilezile.

Nianze na karatasi ya tarehe 4 Julai. Aliyeichapa ni John Dunlap, mhamiaji kutoka Strabane huko Ireland, aliyekuwa akiifanyia kazi Kongresi ya makoloni jijini Philadelphia. Kazi ilifanyika usiku na kwa haraka, kiasi kwamba baadhi ya nakala zilikunjwa kabla ya wino kukauka na maandishi yakaacha kivuli upande wa pili. Inakadiriwa kwamba alichapa nakala zipatazo 200, na chini yake yamo majina mawili tu ya wahusika, John Hancock, rais wa Kongresi, na Charles Thomson, katibu wake. Yale majina mengine mashuhuri hayamo kabisa. Nakala moja ilimfikia George Washington, naye akaamuru isomwe mbele ya jeshi lake mjini New York tarehe 9 Julai, na jioni hiyo umati ukaiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu. Nakala zinazojulikana kuwapo leo ni 26. Mojawapo ilipatikana mwaka 1989 nyuma ya picha kuukuu iliyonunuliwa sokoni Pennsylvania kwa dola 4, na mnunuzi, inasemekana, alichotaka ni fremu. Mwaka 2000 nakala hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 8.

Toleo la kwanza lenye majina ya watia saini lilichapwa Baltimore mnamo Januari 1777 na mwanamke, Mary Katharine Goddard, ambaye pia alikuwa mkuu wa posta wa mji huo. Kuchapa majina yale wakati vita vikiendelea kulikuwa sawa na kuyakabidhi kwa mahakama ya mfalme iwapo waasi wangeshindwa. Goddard, ambaye kwa kawaida alijitambulisha katika machapisho yake kwa herufi za mwanzo tu, safari hii aliweka jina lake kamili chini ya ukurasa. Mwaka 1789 aliondolewa katika kazi ya posta ijapokuwa wakazi zaidi ya 200 wa Baltimore walitia saini barua ya kumtetea.

Inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu hoja yangu inategemea hapo. Mpangaji wa herufi alizichukua herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku vyake na kuzipanga kwa kinyume. Mmoja alipaka wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, mwenzake akavuta mkono wa mtambo, na wakifanya kazi vizuri walitoa karatasi 200 hivi kwa saa. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara, ndiyo maana wachapaji walikuwa wakitangaza kila mara kwamba wananunua nguo zilizochakaa, na ndiyo maana pia karatasi ya mwaka 1776 bado ni imara kuliko magazeti mengi ya miaka ya 1890 yaliyochapwa kwenye karatasi ya mbao. Kazi ilipokwisha, herufi zilitenganishwa na kurudishwa visandukuni, zikingoja tangazo linalofuata.

Na tangazo lililofuata mara nyingi lilikuwa la mtu aliyetoroka. Thomas Jefferson, miaka 7 kabla ya kuandika katika Azimio la Uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa, alilipia tangazo katika Virginia Gazette la tarehe 14 Septemba 1769 akimtafuta mtumwa wake aitwaye Sandy. Anamweleza kuwa ni mtu wa miaka 35 hivi, mfupi, fundi viatu atumiaye zaidi mkono wa kushoto, mlevi na mjanja, ambaye ameondoka na farasi mweupe pamoja na vifaa vyake vya ushonaji. Zawadi ni shilingi 40 akikamatwa ndani ya wilaya, pauni 4 akikamatwa kwingineko Virginia, na pauni 10 akiwa amevuka kuingia koloni jingine. Sandy alikamatwa, na mwaka 1773 akauzwa kwa pauni 100. Sifa zake mbaya tunazijua kwa ulimi wa mwenye kumtafuta, kwa hiyo sioni sababu ya kuziamini. Lakini mkono wa kushoto na vile vifaa alivyobeba navisadiki, maana tangazo lisingefaa kitu kama alama hizo zingekuwa za uongo.

Upande wa mfalme nao ulikuwa na karatasi zake. Tarehe 7 Novemba 1775, Lord Dunmore, gavana wa Virginia, akiwa amekimbilia melini, alitoa tamko la kuwapa uhuru watumwa wa waasi ambao wangeweza kushika silaha na kujiunga naye, na likachapwa humohumo melini kwa mtambo ulionyang'anywa mjini Norfolk. Watumwa wa wale waliobaki watiifu kwa mfalme hawakuhusika, wala wa Dunmore mwenyewe.

Mei 1796 ilikuwa zamu ya nyumba ya Rais. Magazeti ya Philadelphia yalitangaza dola 10 kwa atakayemrudisha Ona Judge, mtumwa aliyemhudumia Martha Washington, mke wa Rais George Washington, kijana wa miaka 20 hivi mwenye madoadoa usoni na nguo nyingi nzuri, ambaye, kwa maneno ya tangazo, hakuwa amechokozwa na mtu hata aondoke. Moja ya magazeti hayo lilikuwa Claypoole's American Daily Advertiser, lililoanzishwa na Dunlap yuleyule mwaka 1771 kwa jina jingine. Septemba ya mwaka huohuo, gazeti hilohilo ndilo lililochapisha kwa mara ya kwanza waraka wa Washington wa kuwaaga wananchi.

Ona Judge alifika Portsmouth, New Hampshire, kwa meli, na juhudi za kumrudisha zikashindikana. Mwaka 1845 gazeti la Granite Freeman lilichapisha masimulizi yake. Alipoulizwa kama anajuta kuiacha nyumba ya Washington, maana tangu hapo alikuwa amefanya kazi ngumu zaidi, alijibu kwamba hajuti, kwa kuwa yu huru. Alifariki mwaka 1848, na kwa mujibu wa sheria alikuwa bado mali ya warithi wa familia ya Custis, yaani ya mume wa kwanza wa Martha.