Bosjökloster, kasri lililokuwa nyumba ya watawa

Kutoka kituo cha treni cha Höör, kusini mwa Uswidi, ni mwendo wa kilomita chache tu hadi Bosjökloster. Barabara inakatiza kati ya maziwa mawili ya Ringsjön, maji huku na huku, mara kuta nyeupe zinachomoza nyuma ya miti. Watalii wengi hufuata bustani na kasri. Mimi niliwafuata watawa.

Nimekulia Ruvuma, nikiwaona masista Wabenediktini wa Chipole wakilima, wakifundisha na kusali kwa saa zao. Nilipojua kwamba kasri hili lilianza mnamo mwaka 1080 likiwa nyumba ya watawa wa Kibenediktini, roho haikutulia mpaka nilione. Wakati huo eneo hili, liitwalo Skåne, lilikuwa la Denmark, na nyumba ilikuwa kisiwani. Ni karne ya 19 ndipo maji ya ziwa yaliposhushwa na kisiwa kikaungana na nchi kavu.

Kilichonishika zaidi ni habari ya mashamba. Waliopokelewa hapa walikuwa mabinti wa makabaila, na kila binti aliingia na mali ya kwao. Kwetu mahari huletwa nyumbani kwa binti; huku baba ndiye aliyetoa ardhi, binti akaenda kuweka nadhiri. Mwaka baada ya mwaka nyumba ikatajirika, ikawa miongoni mwa tajiri kabisa katika eneo lile. Naamini utajiri huohuo ndio ulioiponza. Mwaka 1536 Denmark ilipoingia Ulutheri, mfalme Christian III alitwaa mali za Kanisa, na nyumba yenye ardhi nyingi kiasi hicho isingesahaulika. Utawa ukakoma, makabaila wakahamia. Mwaka 1658 Skåne nzima ikawa ya Uswidi.

Nilizunguka kuta nikitafuta alama za masista. Si rahisi kuziona, maana miaka ya 1870 msanifu Helgo Zettervall, yuleyule aliyejenga upya minara ya kanisa kuu la mji wa Lund, alilibadilisha sana jengo. Naheshimu kazi yake, ila niliumia kidogo. Tangu 1908 kasri ni la ukoo wa Bonde.

Bustanini upo mwaloni unaosemekana kuwa na miaka 1,000. Shina limevimba na kupasuka, gome lina mikunjo inayomeza kiganja kizima, na bado unachipua majani. Masista wa kwanza huenda waliukuta mche.

Kanisa lao nalo lipo, limeshikamana na kasri, na washarika wa Kilutheri wanalitumia mpaka leo. Ukienda, nenda miezi ya joto bustani ikiwa wazi, na uanzie hapo kanisani kabla ya kwenda kwenye maua.